Momella Haifungwi Wakati wa Mvua

Ikifika Aprili, pita barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi uangalie yadi za kampuni za utalii. Magari yamepangwa mstari, mengine yamefunikwa maturubai. Kambi nyingi za hifadhi za kaskazini zimefungwa, wapishi wako likizo, madereva wamerudi kwao kupanda mahindi. Biashara imeshaamua kwamba masika si wakati wa kutembea, na sisi wenyeji wa chini ya Mlima Meru tumeupokea uamuzi huo bila kuuliza. Ukisema mwezi wa nne unakwenda Momella, kwenye maziwa ya Hifadhi ya Taifa Arusha, watu wanakuuliza unafuata nini kwenye matope.

Nafuata ziwa. Na ninaamini kabisa kwamba ziwa lile ni la mwaka mzima, na kwamba watu pekee duniani wanaoweza kulipata la mwaka mzima ni sisi tunaokaa jirani nalo. Mgeni aliyetoka Ujerumani hupewa siku moja ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, mara nyingi nusu siku, kisha anakimbizwa Tarangire na Ngorongoro. Anaona Momella ya siku ile, anaipiga picha, anaondoka. Hata awe na fedha kiasi gani, hawezi kununua Februari na Julai na Oktoba kwa pamoja. Mtu wa Usa River, wa Leguruki, wa Maji ya Chai anazo zote, na ni mwendo mfupi tu kutoka mlangoni kwake. Inaniuma kuona utajiri huo unalala.

Kwa asiyefahamu: unaacha barabara kuu pale Usa River, unapandisha kaskazini, unapita mashamba ya kahawa na ya maua, na muda si mrefu uko langoni. Hifadhi yenyewe ni ndogo ukiiweka pembeni ya Serengeti. Lakini ndani yake kuna mlima wa zaidi ya mita 4,560, msitu mzito wa milimani, kreta ya Ngurdoto, uwanda wa nyasi unaoitwa Serengeti Ndogo, na maziwa ya Momella: Momella Kubwa, Momella Ndogo, Rishateni, Lekandiro, Tulusia, Kusare, El Kekhotoito. Ilianza mwaka 1960 ikiitwa Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto. Mwaka 1967 Mlima Meru ukaongezwa, na jina likawa hili la sasa.

Maziwa haya yalizaliwa na maporomoko. Mlima Meru haukuwa na umbo unaloliona leo. Yapata miaka 8,000 iliyopita, ubavu wake wa mashariki ulibomoka. Mawe, tope na majivu vilimwagika kuelekea upande wa Kilimanjaro. Juu kikabaki kreta iliyo wazi upande mmoja, yenye ukuta wa mwamba unaokaribia mita 1,500 kwenda juu. Chini kukabaki nchi ya vilima vidogo vidogo na mabonde yasiyo na mlango, na maji yaliyoingia mabondeni humo yakakosa pa kutokea. Ukisimama juu ya kilima chochote cha Momella, ujue umesimama juu ya kipande cha mlima. Nilipolielewa hilo nikiwa kijana, nilianza kuitazama nchi yetu upya, hata mashamba ya mahindi yaliyo nje ya hifadhi, kwa sababu vilima vile vile vinaendelea huko.

Maji hayo yanatoka hasa chini ya ardhi, kwenye chemchemi zinazopita katika miamba na majivu ya volkano. Yanapita yakiyeyusha chumvi, yanafika ziwani, jua linachukua maji na kuacha chumvi. Ndiyo maana maziwa ya Momella ni ya magadi. Lakini kila ziwa lina kipimo chake cha chumvi na mwani wake, kwa hiyo rangi hazifanani. Yako mawili yaliyo karibu kiasi kwamba unaweza kuyatazama yote ukiwa mahali pamoja, moja la kijani kizito, jingine la buluu iliyofifia. Rangi hizo hubadilika na mwaka, na hilo ndilo jambo ambalo mtu wa ziara moja hana namna ya kulijua.

Heroe, ndege ambao wengi wetu tunawaita flamingo, wanafuata mwani huo. Heroe mdogo anakula mwani mdogo usioonekana kwa macho, anauchuja kwa mdomo wake uliopinda akiwa ameuzamisha kichwa chini juu. Mwani ukistawi Momella, wanakuja kwa maelfu na ukingo wa ziwa unageuka waridi. Ukipungua, wanahama usiku kwenda Manyara, Natron, au maziwa ya Bonde la Ufa upande wa Kenya. Kuzaliana wanazaliana Natron, ambako ndiko mahali pekee Afrika Mashariki wanapozaliana kwa uhakika. Kwa hiyo ukifika Momella usiwakute, ujue wako safarini. Watu wengi huuliza langoni, "Flamingo wapo?" na wakiambiwa ni wachache wanasikitika. Mimi napenda kuuliza wako kiasi gani na wako ziwa lipi, kwa sababu jibu linanieleza hali ya maji kuliko kipimo chochote nilicho nacho.

Nirudi kwenye masika, maana ndiko moyo wangu uliko.

Mwaka huu tulikwenda katikati ya mvua, mimi na mwalimu mwenzangu na wanawe wawili. Tulifika langoni mapema, lango likiwa halina gari lingine. Askari aliyekuwa zamu alitusalimia akacheka kidogo kuona mabuti yetu ya mvua.

"Afande, barabara ya kule maziwani inapitika?"

"Inapitika, mwalimu. Ila msitoke kwenye mawe mkaingia majani. Mkinasa, mimi na nyie tutasukuma."

Hatukunasa. Tulikwenda polepole, vioo vikiwa wazi, na harufu ya msitu uliolowa ikaingia garini mpaka watoto wakanyamaza. Masika msitu wa Meru unatiririka kila mahali. Vijito visivyokuwepo Februari vinavuka barabara. Mbega wamejikunyata juu ya miti, manyoya yao meupe ya mabegani yakining'inia, wanasubiri jua, na likichomoza kwa dakika chache wanaanza kurukaruka, kila ruko likimwaga mvua ya pili kutoka kwenye majani. Kiangazi mbega unamwona. Masika unamwona akiishi.

Pale Momella Ndogo tuliingia kwenye mitumbwi. Wengi hawajui kwamba mtumbwi unaruhusiwa humo. Wanadhani hifadhi ni kukaa kwenye gari tu. Unavaa jaketi la kujiokolea, unaketi wawili wawili, mwongozaji anakuwa nanyi na askari mwenye silaha, na mnapiga kasia mkifuata ukingo. Viboko wapo, kwa hiyo mwongozaji ndiye anayeamua mpite wapi na mkae mbali kiasi gani, na hapo hakuna mjadala. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Twiga watatu walikuwa kwenye mteremko wakila migunga, wakatutazama tukipita chini yao. Ukiwa garini twiga anakuwa mrefu. Ukiwa kwenye maji, macho yako yakiwa chini kuliko magoti yake, ni mnyama mwingine kabisa. Mtoto mdogo wa mwenzangu, ambaye kutwa nyumbani hanyamazi, alimuuliza mama yake kwa kunong'ona kama twiga wanajua kwamba sisi ni watu.

Wakati huo bata wahamiaji wengi walikuwa wameshaondoka. Hao huja kutoka Ulaya na Asia kuanzia Oktoba na Novemba, wanakaa nasi kiangazi chote, na kufikia Aprili wanarudi. Waliobaki ni wenyeji: bata bukini wa Misri wakipiga kelele kwa kila kitu, kukuziwa weusi wenye paji jeupe, vibisi wadogo wanaozama ghafla na kuibukia pasipotarajiwa. Ukitaka kuwajua ndege wakaazi wa Momella, masika ndiyo wakati wenyewe, kwa sababu wageni hawapo kukuchanganya.

Baada ya mtumbwi tulitembea kwa miguu kwenda maporomoko ya Tululusia. Hii ni moja ya hifadhi chache ambazo mtu wa kawaida anaweza kutembea kwa miguu, na sababu mojawapo ni kwamba hakuna simba wanaoishi humu. Chui yupo, fisi yupo, tembo yupo msituni, na nyati ni wengi mno, kwa hiyo lazima utembee na askari mwenye bunduki, na lazima umtii. Nyati ndiye wa kuheshimiwa. Njiani tulisimama kwa muda mrefu tukisubiri kundi livuke uwanda, askari akiwa mbele ameinua mkono, sisi nyuma yake kimya. Tulipofika, maporomoko yalikuwa yamejaa kiasi kwamba hatukuweza kusogea. Rasharasha ilitulowesha tukiwa mbali. Niliwahi kufika hapo hapo Septemba nikakaa juu ya mwamba mkavu karibu kabisa na maji, nikala chapati zangu. Mahali pale pale.

Matope yapo, ndiyo. Vipo vipande vya barabara visivyopitika, na mlima wenyewe huzama mawinguni siku nzima bila kujionyesha. Ukienda masika kwa ajili ya kuona kilele, utarudi na huzuni. Nenda kwa ajili ya maji.

Kuanzia Juni mvua inakatika na baridi inaingia. Watu wa Dar wakija Arusha mwezi wa saba wanashangaa kuona watu tumevaa makoti mchana. Wingu zito linakaa juu ya mji asubuhi yote, na hifadhini ukungu unashuka mpaka usawa wa ziwa. Siku nyingi za Julai nimefika Momella nisione ng'ambo, ila nikasikia kila kitu: mabawa, maji, nyati anakohoa mahali fulani upande wa kushoto. Mwendo wa kipupwe ni wa msituni zaidi. Barabara ya kupandisha kuelekea kreta ya Meru inapita kwenye mitarakwa mikubwa na mipodo, na ukipanda zaidi unaikuta midobore imevikwa nyuzi za kijivu zinazoning'inia kila tawi kama ndevu za mzee. Kwenye barabara hiyo upo pia mtini mkubwa ulioota mizizi pande mbili ukaacha upinde katikati, gari zima likapita. Kila mtoto niliyewahi kumpeleka hapo ametaka tushuke, twende kwa miguu, tupite tena.

Kipupwe ndiyo pia wakati mwema wa kupanda mlima. Nimeupanda Meru nikiwa na walimu wenzangu, na nitasema wazi kwamba kwa mtu wa kwetu ningeutanguliza Meru kabla ya Kilimanjaro. Kilimanjaro ni mrefu zaidi, mita 5,895, na jina lake limekwenda duniani kote. Lakini Meru unakupitisha katika hadithi yake mwenyewe hatua kwa hatua. Unaanzia lango la Momella, takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na askari mwenye silaha anakwenda nanyi kwa sababu ya nyati na tembo. Siku ya kwanza unalala Miriakamba, kwenye mita 2,500. Ya pili unafika kwenye tandiko la mlima, zaidi ya mita 3,500, na mwenye nguvu anamalizia jioni kwa kupanda Meru Ndogo. Usiku wa manane mnaondoka na tochi kichwani. Njia inafuata mgongo wa ukuta uliobaki baada ya ule ubomokaji niliousimulia. Upande mmoja ni mteremko, upande mwingine ni shimo la kreta. Ikianza kupambazuka unaona chini yako koni ya majivu iliyoota katikati ya kreta, ishara kwamba mlima huu bado una moto ndani yake. Mara ya mwisho ulionyesha dalili ya kulipuka ni mwaka 1910. Na mbele, mashariki kabisa, Kilimanjaro imekaa juu ya mawingu, jua likichomoza kwa upande wake.

Kileleni niliyatafuta maziwa. Yalikuwepo, madogo mno, yakimeta mashariki kwenye ile nchi ya vilima. Kutoka pale mtu haambiwi tena jinsi Momella ilivyotokea. Anaona ukuta, anaona pengo, anaona kifusi, anaona maji yaliyokwama kwenye kifusi. Nilimwambia mwenzangu kwamba somo la jiografia la kidato cha pili nililokuwa nalifundisha kwa chaki miaka yote limelala pale chini lote.

Septemba na Oktoba ni vumbi. Nyasi za Serengeti Ndogo zinakauka, na wanyama wanasogea kwenye maji. Huu ndio wakati wa kwenda kukaa Ngurdoto. Kreta ina upana wa kilomita zipatazo tatu na chini yake kuna kinamasi na majani mabichi hata nje pakiwa pamekauka. Kushuka ndani hairuhusiwi. Wageni wote, awe waziri au mwanafunzi, wanatazamia juu, kwenye ukingo. Naiheshimu sana sheria hiyo. Nchi nzima hii hakuna mahali pengi tulipokubaliana kutazama bila kukanyaga. Beba darubini, keti ukingoni saa nzima, na macho yakizoea utaanza kuwaona: nyati kwanza, kisha ngiri, kisha vitu ulivyodhani ni mawe vinaanza kutembea.

Desemba sina mengi ya kuisemea. Watu wanakuwa wengi, Wachaga wanarudi nyumbani na wengine hupitia hifadhini na familia, mabasi ya shule yanaimba. Ni furaha njema, nawapongeza wanaokuja. Ila Januari na Februari, baada ya watu kuondoka, ndiyo miezi ya kuamka alfajiri. Vuli imekwisha, hewa imesafishwa, na saa kumi na mbili na nusu Kilimanjaro inaonekana kutoka ukingo wa Momella Kubwa tangu chini hadi barafuni. Kufikia saa nne imeshajifunika. Miezi hiyo ndipo bata wahamiaji wanapokuwa wengi, na mbayuwayu kutoka Ulaya wanaruka juu ya maji wakikamata wadudu.

Nimesema habari za uzuri. Lakini maji haya yametugusa kwa namna nyingine, na siwezi kuandika kuhusu Momella nikaliacha hilo.

Miamba na majivu yale yanayotia chumvi maziwa yanatia floridi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa, kwenye vyanzo vyetu vya maji. Katika maziwa yenyewe floridi inafika mamia ya miligramu kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5. Hakuna anayekunywa maji ya ziwa, lakini mto Ngare Nanyuki unaanzia ndani ya kreta ya Meru na unapita katika miamba ile ile, na vijiji vya upande wa kaskazini na mashariki vimekunywa maji hayo kwa vizazi. Tumepikia maharage kwa magadi ya huku huku, nayo yamejaa floridi. Mimi nimekulia Leguruki, na meno yangu ya kahawia yanasema nilipokulia kabla sijajibu swali. Wapo niliosoma nao ambao miguu ilipinda wakiwa wadogo. Mtoto anayetembea ukingoni mwa Momella akaelezwa vizuri kwa nini ziwa lina rangi ile, anaelewa siku hiyo hiyo kwa nini kwao wanahimizwa kunywa maji ya mvua au yaliyochujwa. Sijui darasa linaloweza kulifanya hilo kwa saa mbili.

Na kuna ardhi. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wa Ngare Nanyuki na Leguruki, watu wapatao 3,000, ili nchi yao iwe ya ranchi za walowezi. Nyumba zilichomwa, watu wakapelekwa King'ori. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kulieleza Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa madai ya watu wake. Haya yalitokea jirani kabisa na mahali ambapo miaka michache baadaye palitangazwa kuwa hifadhi. Wazee wetu wanaposikia neno mpaka, hawasikii kitu chepesi. Nadhani hiyo ni sehemu ya sababu watu wengi wa kwetu wanaiona hifadhi kama mahali pa wengine, na sidhani kuwaambia tu kwamba ni pazuri kunatosha.

Barabara ya umma inayokwenda Ngare Nanyuki inakatiza hifadhini. Kila siku mabasi yanapita humo yakiwa na akina mama wanaotoka sokoni, matenga ya nyanya yakiwa yamefungwa juu. Abiria wanawaona pundamilia na twiga dirishani na wala hawageuki, wamewazoea. Lakini waulize wangapi wamewahi kushuka kwenye mtumbwi Momella Ndogo, au kutembea na askari hadi Tululusia. Dada mmoja niliyeketi naye kwenye basi hilo aliniambia amepita hapo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake na hajawahi kukanyaga nje ya gari. Alidhani hairuhusiwi.

Inaruhusiwa. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni. Unalipa kwa namba ya malipo ya serikali, hata kwa simu, na mkijichanga kwenye gari moja gharama inagawanyika. Kazi za ziada, yaani kutembea na askari na mtumbwi, zina malipo yake. Uliza kabla ili usije ukafika langoni bila kujipanga. Kinachotukwamisha ni kwamba tumefundishwa kwenda mara moja: safari ya shule darasa la saba, picha ya pamoja langoni, basi.

Ombi langu kwa walimu wenzangu wa Arumeru, na kwa wahifadhi ambao najua wapo wanaosoma haya, ni hili. Tuchukue darasa moja, liende ziwa moja mara nne ndani ya mwaka: Februari, Aprili, Julai, Oktoba. Kundi lile lile la watoto, mahali pale pale pa kusimama. Wachore rangi ya maji. Waandike ndege waliopo na wasiokuwepo. Waweke alama ya mahali maji yalipofikia. Waulize heroe wamekwenda wapi. Mwisho wa mwaka watakuwa na kitu ambacho hata wageni wengi wanaolipa mamilioni hawajawahi kuwa nacho, na watakuwa wamekipata kwao. Tuanze na shule za Ngare Nanyuki na Leguruki, kwa sababu wao ndio walio karibu na ndio wazee wao walioumia zaidi. Gharama kubwa ni usafiri, na mabasi ya njia ile tayari yanapita hapo kila siku.

Mimi na wenzangu wachache tutaendelea kwenda kwa namna hiyo hata kabla shule hazijaanza. Safari inayofuata ni Oktoba, tutakaa ukingo wa Ngurdoto asubuhi na Momella mchana. Anayetaka kujiunga aniandikie hapa chini. Njoo na viatu vilivyofunga, koti, kofia ya jua, maji yako ya kunywa, chakula cha mchana na darubini kama unaweza kuazima. Nguo ziwe za rangi ya udongo au kijani iliyofifia. Nguo nyeupe nyati anaiona kutoka mbali sana, na utaratibu wa kutembea ni kumfuata askari kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, bila kupiga kelele. Watoto kuanzia miaka kumi na miwili wanakaribishwa kwenye mwendo wa miguu. Wadogo zaidi watabaki garini na mmoja wetu. Gari litaondoka njia panda ya Usa River saa kumi na mbili kamili, na tukichelewa tutaukosa mlima.